Mdiria, Kasuku na Swali la Kusaidiana

Kwenye ufuko wa Entebbe, nchini Uganda, wapo ndege wawili wanaoishi jirani na wasiohusiana kwa lolote. Juu kwenye miti mikubwa yupo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye makazi yake yanaanzia misitu ya Afrika Magharibi, yanapita Kongo, na kukomea huku kwenye mabaki ya misitu ya Uganda, Kakamega nchini Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Chini, juu ya maji ya Ziwa Victoria, yupo mdiria wa mabaka meusi na meupe. Huyu husimama hewani akipigapiga mabawa, mdomo ukielekea chini, kisha hujitupa majini na kuibuka na samaki. Mdiria ana uzito wa gramu 80 hivi. Kasuku ana gramu 400 na ushee. Mmoja ni mla nyama asiyejua kitu kingine zaidi ya kuvua. Mwingine ni mla matunda na mbegu, mpenzi mkubwa wa chikichi. Ukimwuliza mtu yeyote ni yupi mwenye akili, hatasita kukuonyesha aliye juu ya mti, na hatakuwa amekosea. Nitakalolipinga katika sura hii ni hatua inayofuata, ile ya kudhani kwamba mwenye akili nyingi ndiye pia mwenye utu zaidi: kwamba kusaidiana, kugawana na kumjali asiye wako ni mambo yanayokuja kadiri ubongo unavyokua. Ndege hawa wawili, wakiwekwa pamoja, wanaonyesha kwamba sivyo.

Dhana hiyo ina nguvu kwa sababu sifa ya kasuku ina msingi. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama mjini Chicago na kumpa jina la Alex. Kwa miaka 30 alimfundisha kwa maneno, na ndege yule alijifunza majina ya vitu, rangi na maumbo, akahesabu hadi sita, na akaweza kujibu akiulizwa vitu viwili vinafanana au vinatofautiana kwa lipi. Alex alikufa mwaka 2007, na kifo chake kilitangazwa na magazeti makubwa ya dunia. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mwanasayansi yeyote kusema kwamba kasuku anaigiza sauti tu. Uchunguzi wa ubongo nao ulileta ushahidi wake: mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba ubongo wa kasuku na wa jamii ya kunguru, ingawa ni mdogo, umesheheni seli za neva kwa msongamano unaowafanya wakaribiane na baadhi ya nyani. Hayo yote nayakubali. Lakini tazama kilichopimwa: kutambua, kuhesabu, kulinganisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotueleza Alex angefanya nini kama mwenzake angekuwa na njaa.

Kwa mdiria, swali la nani anamlisha nani lilijibiwa mapema zaidi, tena katika nchi ya Kenya. Kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia ndege hawa katika maziwa mawili, Victoria na Naivasha. Mdiria wa mabaka hutaga ndani ya tundu refu analolichimba kwenye ukingo wa mchanga au udongo, na mara nyingi jozi nyingi huchimba ukingo mmoja, zikafanya kama kijiji. Reyer aliona kwamba kwenye matundu mengi si baba na mama tu wanaopeleka samaki. Kuna dume wa tatu, wakati mwingine wa nne, anayevua na kuleta kwenye tundu ambalo si lake. Madume katika jamii hii ni wengi kuliko majike, kwa hiyo kila msimu wapo wanaokosa mwenza. Lakini kukosa mwenza peke yake hakumfanyi ndege akalishe makinda ya mwingine. Angeweza kukaa tu, ajilishe, asubiri mwaka ujao. Wapo wanaofanya hivyo hasa. Wengine hufanya kazi.

Wasaidizi hao ni wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo kiini cha jambo. Wa kwanza ni wana: vijana wa kiume waliozaliwa msimu uliopita, ambao hubaki na wazazi wao, au na mzazi mmoja aliyebaki hai, na kuanza kazi mapema kabisa. Humlisha mama anayeatamia, hufukuza maadui, na makinda wakianguliwa huleta samaki kwa bidii inayokaribia ile ya wazazi wenyewe. Wa pili ni wa kuja. Hawa hawana udugu na yeyote kwenye tundu wanalolihudumia. Huanza kujisogeza baadaye, makinda wakiwa wameshaanguliwa, na mara nyingi wenye tundu huwafukuza. Hurudi tena, wakiwa na samaki mdomoni wa kumpa jike. Wakikubaliwa, huleta chakula, lakini kidogo kuliko wana. Wana hulipa gharama halisi kwa bidii yao: katika hesabu za Reyer, waliorudi hai mwaka uliofuata walikuwa kama nusu tu, ilhali kwa wa kuja walikaribia robo tatu. Ndege huyu mdogo, asiyejua neno hata moja, kuna msaada anaoutoa kwa kuuhatarisha uhai wake.

Ushahidi ninaouona mzito kupita wote ni tofauti ya maziwa. Naivasha, wazazi waliwapokea wana na kuwafukuza wa kuja. Victoria, wa kuja walipokewa. Ndege ni yuleyule, ubongo uleule, sauti zilezile, ukingo wa mchanga uleule. Ila ziwa ndilo lililobadilika. Victoria mawimbi ni makali zaidi, samaki wa kufaa walikuwa mbali zaidi na wadogo zaidi, na kila safari ya kuvua ilimchukua mzazi muda mrefu kuliko Naivasha. Wazazi wawili peke yao walishindwa kuwashibisha makinda wote. Baba anapomfukuza dume mgeni analinda ndoa yake, kwa kuwa mgeni yule ni mshindani wa kesho. Anapomkubali, anahatarisha kesho ili makinda wa leo wale. Reyer hakuridhika na kulinganisha tu. Akiwa na Klaas Westerterp, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, alibadilisha idadi ya makinda kwenye matundu na kupima nguvu ambazo wazazi walitumia. Naivasha, kwenye matundu yaliyoongezewa makinda, wazazi walianza kuwapokea wa kuja. Victoria, kwenye matundu yaliyopunguziwa, waliwakataa. Mlango wa ukarimu ulifunguliwa na kufungwa kwa kuongeza au kupunguza midomo ya kulishwa, na ubongo wa wahusika haukuguswa.

Mtu anaweza kusema: basi huo si ukarimu, ni hesabu. Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kukwepwa. Tangu mwaka 1964, William Hamilton alipoeleza jinsi kiumbe anavyoweza kueneza urithi wake kwa kuwasaidia ndugu, tunajua kwamba mwana anayewalisha wadogo zake anaendeleza sehemu ya damu yake mwenyewe. Wa kuja naye ana faida yake, isipokuwa inachelewa: mwaka unaofuata, msaidizi wa aina hii alikuwa na nafasi kubwa sana ya kupata mwenza, pengine jike yuleyule aliyemlisha, ilhali madume waliokaa bila kumsaidia yeyote walipata wenza kwa kiasi cha theluthi tu. Naam, faida ipo. Lakini hoja yangu haikusema kwamba mdiria ni mtakatifu. Ilisema kwamba kusaidia hakuhitaji akili kubwa, na faida iliyofichika ndani ya msaada haiidhoofishi kauli hiyo, inaithibitisha. Kama mazingira, udugu na matarajio ya mwenza vinatosha kumfanya ndege wa gramu 80 alishe makinda wasio wake, basi hatuna sababu ya kuitafuta akili kila tunapoona msaada. Wala tusisahau kwamba hata binadamu, ambaye wema wake hatuuhoji, huanza kuwasaidia walio wake, na huwakumbuka waliomsaidia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Linasema kwamba ninalinganisha vitu viwili vyenye jina moja: mdiria anasukumwa na silika, kasuku anakusudia, na kusudi ndilo linalofanya tendo liwe msaada. Siwezi kuingia kichwani mwa mdiria, na sidhani kwamba anapopeleka samaki anafikiria njaa ya kinda. Hata hivyo, neno silika lisitufanye tumwone kama mashine inayofuata mstari mmoja. Dume wa kuja huwajaribu majirani, hukataliwa, hubadili tundu, hurudi na samaki mdomoni. Mzazi naye hubadili uamuzi wake kwa kadiri mzigo unavyomlemea. Huo ni mwenendo unaopima hali. Anayedai kwamba kusudi ni lazima ndipo tendo lihesabiwe, ana wajibu wa kutuonyesha kwamba kusudi linaongeza msaada, yaani kwamba viumbe wenye uwezo mkubwa wa kukusudia husaidiana zaidi ya wasio nao. Kwa bahati nzuri hilo lilijaribiwa, na aliyejaribiwa ni kasuku.

Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern walichapisha utafiti walioufanya kwenye hifadhi ya kasuku kisiwani Tenerife. Kwanza waliwafundisha ndege kubadilishana: ukimpa mtafiti pete ndogo kupitia kitundu, unapewa kipande cha njugu. Kisha waliwaweka ndege wawili wawili katika vyumba viwili vyenye dirisha kati yao. Mmoja alikuwa na pete nyingi, lakini kitundu chake cha kubadilishia kilikuwa kimefungwa. Jirani yake alikuwa na kitundu wazi, ila hakuwa na pete hata moja. Kasuku wa kijivu walimpitishia jirani pete, moja baada ya nyingine, wakamtazama akila. Saba kati ya wanane walifanya hivyo tangu mara ya kwanza, kabla hawajajua kwamba zamu zingebadilishwa. Waliwapa marafiki zao zaidi, lakini hata wasio marafiki walipewa. Na kitundu cha jirani kilipofungwa, pete zikawa hazina kazi, utoaji ulipungua sana. Hii ndiyo sehemu inayowajibu wanaosema kwamba ndege walikuwa wanacheza tu kwa kusukumasukuma vitu: mchezo usingejali kama pete ina faida kwa mwenzako au haina.

Kama utafiti ungeishia hapo, dhana ninayoipinga ingepata ushindi. Lakini watafiti wale waliwajaribu pia kasuku wengine, makau wenye vichwa vya buluu kutoka Amerika ya Kusini, ndege sita waliopitia mafunzo yaleyale. Makau nao ni kasuku, nao wana ubongo mkubwa kwa miili yao, nao walielewa vizuri kabisa kwamba pete ni njugu. Hawakusaidia. Hawakutoa chochote cha maana, na dirisha kati yao lilibaki bila kazi. Kwa hiyo tuna ndege wenye akili waliotoa na ndege wenye akili walionyima, katika chumba kilekile na kwa njugu zilezile. Weka hili kando ya maziwa mawili ya Kenya, na ushahidi unakamilika kutoka pande mbili. Kwa mdiria, ubongo mmoja ulitoa mienendo miwili. Kwa kasuku, akili zinazolingana zilitoa mienendo miwili. Kinachotofautisha hakiwezi kuwa akili, kwa sababu akili ndiyo iliyobaki palepale.

Watafiti walipendekeza kwamba jibu liko kwenye maisha ya kundi. Kasuku wa kijivu hulala pamoja kwa mamia, mahali pengine kwa maelfu, na makundi hayo huvunjika asubuhi na kuundwa upya jioni, kila siku kukiwa na sura mpya za kuzoea. Makau huishi katika makundi madogo zaidi. Pendekezo hili naliona ni zuri, kwa kuwa linaelekea kulekule alikotufikisha mdiria: si uwezo wa kichwa, ni aina ya majirani unaoishi nao na kiasi unachowahitaji. Anayetaka kulipinga atasema ndege 14 ni wachache, na kizimba si msitu. Ni kweli. Ndiyo maana sitegemei Tenerife peke yake. Tazama msituni: kasuku wa kijivu hulea makinda wake ndani ya tundu la mti mrefu, jike na dume wawili peke yao. Ndege yule anayetoa pete kwa hiari kwenye chumba cha majaribio haonekani akimlisha kinda wa jirani, wakati mdiria, anayedharauliwa kwa akili, anafanya hivyo kila msimu. Kama ukarimu ungekuwa kitu kinachokaa ndani ya ubongo, kasuku angekuwa nao popote aendapo. Unaonekana panapokuwa na sababu, na unakosekana pasipo na sababu.

Na midiria nao ni wa aina nyingi. Kwenye matete ya Ziwa Victoria kuna mdiria mdogo mwenye kishungi na rangi ya buluu inayong'aa, anayevua karibu na ufuko na kuchimba tundu lake mbali na wenzake. Huyu hulea wawili wawili, bila msaidizi. Wakati huohuo, Australia, kukabura, ndege wa jamii hiyohiyo anayeishi msituni na kula mijusi na wadudu, huwa na vijana wanaobaki nyumbani kuwasaidia wazazi. Ukoo wa midiria hauamui jambo hili, kama ambavyo ukoo wa kasuku hauliamui.

Je, akili haina kazi yoyote basi? Ina kazi, na kuikana kungekuwa kosa jingine. Kasuku aliyempa jirani pete alipaswa kuelewa mambo mawili yasiyo mbele ya macho yake: kwamba pete ni chakula, na kwamba ni chakula kwa yule mwenye kitundu wazi tu. Mdiria haonyeshi uelewa wa namna hiyo. Samaki anayemtoa ni samaki, na kinda aliyeachama mdomo yupo mbele yake. Kwa hiyo akili hupanua umbo la msaada. Humwezesha mtoaji kusaidia kwa kitu kisicholiwa, katika hali ambayo hajawahi kukutana nayo. Lakini kumwezesha si kumtaka. Makau alikuwa na uwezo wote huo na hakuutumia. Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu tumezoea kuifuta tunapozungumzia wanyama, na tunaifuta hata zaidi tunapozungumza sisi kwa sisi, tukimwona msomi kuwa mwungwana kabla hatujamwona akitenda.

Kuna gharama ya kuchanganya mambo haya, na waliolipa ni kasuku. Sifa ya akili ndiyo iliyowafanya watolewe misituni kwa wingi kwenda kuuzwa, hadi mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini zilipopiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Anayemnunua huamini amepata kiumbe mwenye upendo ndani yake, utakaohamia naye sebuleni. Lakini kama hoja ya sura hii ni sahihi, alichokinunua ni ubongo tu. Hali zilizoufanya ubongo ule utoe, yaani mamia ya majirani wa jioni, zimebaki msituni. Kwa sababu hiyohiyo, anayewarudisha porini kasuku walionaswa kutoka kwa wafanyamagendo hana budi kuwarudisha kwa kundi, tena mahali penye kasuku wengine wa kulala nao. Pale Kakamega, ambako wamebaki wachache sana, kuongeza ndege mmoja mmoja kungekuwa kuongeza akili bila ujirani.

Mdiria hajauzwa na mtu, lakini ziwa lake limebadilishwa. Sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria na kuzaana, aliwamaliza furu wengi, na watafiti waliofanya kazi kwenye ghuba ya Mwanza walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mdiria, aliyekuwa akila furu, alihamia kwenye dagaa. Dagaa ni mwepesi kuliko furu, kwa hiyo ndege alilazimika kukamata samaki wengi zaidi kwa siku ili apate shibe ileile. Hapo ndipo hoja hii inaweza kupimwa tena na mtu mwenye darubini na subira. Mzigo wa mzazi ukiongezeka, wa kuja wanapaswa kupokewa mapema na kwa wingi. Na mahali ambapo dagaa wanapakana na ukingo wenye maji matulivu, jozi zinapaswa kuwafukuza, hata kama ni mwendo wa nusu saa tu kwa mtumbwi kutoka kwenye kijiji kilichowakaribisha.